Kunena na Moyo

Wahenga walisema kuwa maneno matamu humtoa nyoka pangoni. Hawakueleza, hata hivyo, kama maneno hayo hayo huweza kuitoa huzuni kifuani mwa yule anayeyatamka. Swali hilo limekuwa zito katika zama hizi, ambapo vitabu vingi humshauri mtu ajinenee mema kila siku: kwamba yeye ni hodari, anapendeka, hashindwi, na kwamba kwa kukariri tu, fikra zake zitaiacha njia yao ya zamani.

Aliyeipa desturi hii umaarufu ni Émile Coué (1857–1926), mfamasia wa Kifaransa. Alipokuwa akiuza dawa mjini Troyes, aliona kuwa mgonjwa aliyesifiwa dawa yake hupata nafuu zaidi ya yule aliyekabidhiwa chupa kimyakimya. Baadaye, mjini Nancy, alitunga kauli moja ya kujiambia kwamba kila uchao, kwa kila hali, mtu anazidi kuwa bora. Aliagiza itamkwe mara 20 asubuhi na mara 20 usiku, na hesabu ishikwe kwa uzi wenye mafundo 20. Msomaji wa pwani ataikumbuka tasbihi mara moja. Lakini mwenye kuleta uradi huuelekeza kwa Mola wake. Mwenye kuleta kauli ya Coué huielekeza kwake mwenyewe, na hapo ndipo penye mtihani.

Ikitazamwa kama utungo, kauli hiyo ina mapigo mazuri, lakini ni kibwagizo kisicho na beti. Kibwagizo cha shairi hurudi kwa maneno yale yale, ila hakirudi na uzito ule ule, kwani kila ubeti umekiongezea jambo. Kauli ya Coué haiongezewi kitu. Haitaji siku, tendo wala shahidi. Nao moyo uliozoea kujilaumu haukosi mashahidi wa upande wa pili.

Mwaka 2009 Joanne Wood na wenzake, nchini Kanada, walichapisha utafiti juu ya jambo hilo: washiriki wenye kujidharau walipokariri kuwa wao ni watu wa kupendwa, walijisikia vibaya kuliko wenzao wasiokariri. Jaribio lililorudiwa na watafiti wengine mwaka 2020 halikutoa matokeo hayo. Kwa hiyo si haki kuiita kauli njema sumu. Hata hivyo, dhara moja halihitaji maabara: anayekariri asibadilike huambiwa kuwa hakuamini vya kutosha. Huzuni yake hugeuzwa kosa lake.

Washairi wa visiwani waliijua njia nyengine ya kunena na nafsi. Katika Al-Inkishafi, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir anausemesha moyo wake mwenyewe, lakini haupambi. Anauuliza unaipendea nini dunia, kisha anauchukua hadi Pate ukajionee: majumba ya matajiri yaliyokuwa yaking'ara kwa taa yamebaki magofu, na vidaka vilivyopangwa vyombo vya kauri vimekuwa viota vya ndege. Beti zake, zenye mizani kumi katika kila mshororo, hurejea kwenye kina kile kile cha mwisho, kama mtu anayebisha mlango mmoja. Kurudia kupo, lakini kila hodi ina ushahidi wake.

Itasemwa kwamba utenzi huo umekusudia kuuonya moyo, si kuufariji, na kwamba aliyekwisha kujidharau hahitaji kuonyeshwa magofu. Hoja hiyo ni ya kweli. Kinachofaa kuazimwa hapo si huzuni ya utenzi bali adabu yake: moyo huheshimiwa kama msikilizaji mwenye akili, awezaye kukataa. Anayejiona hafai kitu hatasadiki akijiita shujaa. Huenda akasadiki akijikumbusha kuwa jana alikwenda kumjulia hali mgonjwa, ingawa hakutaka kutoka nyumbani. Kauli hiyo ni ndogo, lakini jambo lenyewe lilitokea. Ikikaririwa, ina pa kusimama; na kesho ikiongezewa nyengine, kibwagizo kitakuwa kimeanza kupata beti.