Mashimo ya Sulemani yasiyo na wachimbaji

Juzi kwenye kibanda cha video hapa Shinyanga tuliangalia filamu ya zamani, King Solomon's Mines ya mwaka 1950. Picha zake ni nzuri kweli, hilo sibishi. Mpigapicha wake, Robert Surtees, alipata tuzo ya Oscar, na nyingi zilipigwa huku kwetu: Kenya, Uganda, Kongo na Tanganyika. Tulishangilia wanyama wakitimua mbio, tukashangilia na almasi pangoni.

Jirani yangu, ambaye maisha yake ni maduara ya Geita, alikaa kimya. Mwisho akauliza: "Sasa hayo mawe kayachimba nani?"

Mimi uhakiki wangu wote ni swali hilo. Katika Afrika ya kale ya filamu ile yupo mfalme, na hazina ipo. Lakini sikuona nyundo, sikuona kifusi, wala mtu aliyejaa vumbi. Mali imekaa tu inamngoja mgeni, tena kwa jina la mfalme wa Yerusalemu!

Kosa lilianzia kitabuni. Rider Haggard aliandika mwaka 1885, wakati Wazungu wengi waliamini kwamba Zimbabwe Kuu ilijengwa na wageni. Karl Mauch, aliyefika pale 1871, aliihusisha na Malkia wa Sheba. Mwaka 1929 Gertrude Caton-Thompson alichimbua, akatangaza kuwa ni kazi ya Waafrika wenyewe. Mwaka huohuo wazee wetu wakaletewa Haggard kwa Kiswahili, Mashimo ya Mfalme Sulemani. Miaka 21 baadaye filamu nayo ikaja kana kwamba hakuna kilichogunduliwa.

Utaniambia, ni burudani tu bwana. Sawa. Lakini Warongo wa Geita waliyeyusha chuma na kufua majembe kabla Mjerumani hajafika, na kule Buhaya kazi hiyo ina miaka kama 2,000. Tanuri, mivukuto, moshi, jasho: kamera ilitaka nini zaidi?

Kilichoniuma si Mzungu na bunduki yake. Ni kwamba mimi, mzaliwa wa hapa, nilipiga makofi na swali halikunijia. Basi vijana wenzangu, siku tukiandika mchezo wa mambo ya kale, tumwite kwanza yule jirani aje ausome.