Mizani ya Spoki

Desemba 17, 1903 inajulikana na kila mtu: Orville Wright amelala kifudifudi juu ya ndege yenye injini, sekunde 12, futi 120. Picha yake imejaa vitabuni. Mimi siku hiyo hainisisimui sana. Kinachonisisimua ni miezi michache ya mwisho wa 1901, katika duka la baiskeli mjini Dayton, Ohio, ambako Orville na kaka yake Wilbur walijifungia kupima upepo ndani ya sanduku la mbao. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa na cheti cha sekondari.

Riziki yao ilikuwa kutengeneza na kuuza baiskeli. Kuruka kulikuwa mapenzi tu. Mwaka 1899 Wilbur aliiandikia Taasisi ya Smithsonian ya Washington akiomba chochote kilichochapishwa juu ya jambo hilo, na akajihami mapema kwa kueleza kwamba yeye ni mpenzi wa kuruka, si mwendawazimu. Wakamtumia vijitabu na orodha ya vitabu.

Mwalimu wao mkubwa katika maandishi hayo alikuwa Otto Lilienthal, mhandisi Mjerumani mwenye karakana ya maboila jijini Berlin. Alizaliwa Anklam, kaskazini mwa Ujerumani, akakua akiwatazama korongo weupe. Korongo wa upande ule huikimbia baridi ya Ulaya na kuja huku kwetu, na ukiwa Serengeti mwezi Januari unaweza kuwakuta wakiokota panzi nyikani. Lilienthal alitumia miaka kupima nguvu ya hewa juu ya mabawa yaliyobinuka, akachapisha matokeo mwaka 1889, kisha akajenga glaida zake mwenyewe, yaani ndege zisizo na injini, na kuruka nazo mara elfu mbili hivi kabla ya kuanguka na kufa Agosti 1896. Jedwali lake la namba ndilo akina Wright walilolitumia kukokotoa ukubwa wa mabawa yao.

Glaida yao ya 1901 ikawaaibisha. Walipoipeleka kwenye vilima vya mchanga vya Kill Devil Hills, North Carolina, ilitoa takribani theluthi moja tu ya nguvu ya kunyanyua waliyoitarajia. Walirudi nyumbani wameishiwa nguvu, na Wilbur akamwambia ndugu yake kwamba binadamu hataruka wao wakiwa hai.

Mtu mwingine angejenga bawa kubwa zaidi na kuomba Mungu. Wao walijiuliza kama zile namba zenyewe ni za kweli. Walichukua baiskeli, wakafunga gurudumu la tatu mbele, limelala, liweze kuzunguka kwa uhuru. Upande mmoja wa gurudumu walisimamisha bati bapa, upande mwingine bawa dogo lililobinuka, kisha wakakanyaga pedali kwa kasi barabarani. Kwa mujibu wa jedwali, bawa likikaa kwa pembe ya nyuzi 5 lingelingana nguvu na lile bati, na gurudumu lingetulia. Halikutulia mpaka pembe ilipofika nyuzi 18. Hapo wakajua kuna kitu hakiko sawa, ingawa barabara yenye upepo wake haikuweza kuwaambia ni kitu gani.

Wakajaribu sanduku la wanga na feni. Kisha wakajenga sanduku kamili, urefu futi 6, uwazi wa inchi 16 kwa 16, kioo juu cha kuchungulia. Kuunyoosha upepo peke yake kuliwatoa jasho, kwa maana feni huusokota. Hata baada ya kuunyoosha, hawakuruhusu kitu chochote kikubwa kusogezwa chumbani wakati wa kupima, na aliyesoma vipimo alisimama mahali palepale kila mara, kwa sababu mwili wa mtu nao hugeuza mkondo wa hewa.

Ndani ya sanduku hilo waliweka kifaa ambacho, kwa maoni yangu, ndicho kazi yao bora kuliko zote. Ni mizani iliyoungwa kwa waya wa spoki na vipande vya misumeno ya kukatia chuma. Ukiitazama unaweza kudhani ni takataka ya karakana. Juu yake husimama bawa dogo la bati la chuma, chini yake vibati vinne bapa. Upepo ukivuma, bawa huvuta kuelekea ubavuni, vibati husukumwa nyuma, na mshale wa chini husimama pale nguvu hizo mbili zinapolingana. Unasoma pembe, unatafuta sine ya pembe hiyo, basi: umepata kiasi cha unyanyuaji wa bawa lile ukilinganisha na bati bapa.

Ujanja wote uko hapo. Upepo wa feni haukuwa na kasi ile ile kila dakika, na kuupima kwa usahihi kungewashinda. Lakini upepo ukiongezeka, bawa na vibati vyote huongezewa sawa, na mshale haubanduki. Muuza sukari mwenye mizani ya mawe hahitaji kujua dunia inavuta kwa nguvu kiasi gani, kwa kuwa inavuta jiwe na sukari kwa pamoja. Ndugu hawa hawakushindana na udhaifu wa chombo chao. Walikiunda ili udhaifu ule ujifute wenyewe.

Mabawa ya majaribio waliyakata kwa mkasi wa bati, wakayagonga kwa nyundo yapate mbinuko, mengine wakayanenepesha kwa nta na risasi ya kuchomea. Walijaribu maumbo yanayokaribia 200, kisha wakachagua machache na kuyapima pembe baada ya pembe. Lilienthal akatoka karibu hana hatia: jedwali lake lilifaa kwa umbo la bawa lake, wao walilitumia kwa umbo jingine. Mkosaji mkubwa alikuwa namba ya karne ya 18 ihusuyo shinikizo la hewa, inayohusishwa na mhandisi Mwingereza John Smeaton. Kila mtu aliirithi kama 0.005. Akina Wright walipata karibu 0.0033.

Desemba wakafunga kazi, kwa sababu baiskeli za msimu ujao zilikuwa zinasubiri kutengenezwa. Rafiki yao Octave Chanute, mhandisi mzee wa reli, alijitolea kuwaombea fedha kwa tajiri Andrew Carnegie. Wilbur alikataa kwa adabu.

Leo anayejenga glaida nyuma ya nyumba yake ana XFOIL, programu aliyoandika Mark Drela wa MIT mwaka 1986, na anaipata bure. Hukokotoa umbo la bawa kwa muda mfupi kuliko wa kupuliza chai. Namwonea wivu, na namhurumia kidogo, maana hatawahi kuuona ule mshale ukikataa kusogea.

Glaida ya 1902 ya akina Wright ilizaliwa na namba za sanduku lile. Ile ya 1901 ilikuwa na mabawa ya futi 22 kwa 7. Hii ilikuwa futi 32 kwa 5: eneo karibu lile lile, lakini bawa jembamba, refu, lenye mbinuko mdogo. Ilibeba kama walivyokokotoa. Kilichobaki kilikuwa mkia. Ulipokuwa umekazwa usisogee, glaida ikiinama ilidondokea bawa la chini na kuchimba mchanga. Orville alikesha usiku mmoja baada ya kunywa kahawa nyingi, na asubuhi akapendekeza mkia ugeuke kama usukani. Wilbur akaongeza kwamba uungwe kwenye waya ambazo tayari rubani alizitumia kupinda mabawa, ili rubani asiwe na kazi mbili. Msimu huo wakaruka kati ya mara 700 na 1,000, na safari ndefu kuliko zote ikawa futi 622 na nusu, kwa sekunde 26.

Ikaja zamu ya propela za ndege yenye injini, na yale majedwali yakafunguliwa tena, maana waliamua kwamba propela ni bawa linalozunguka. Walibishana juu yake kwa muda mrefu na kwa sauti kubwa. Orville alieleza baadaye kwamba mara nyingi, baada ya saa nzima ya ubishi, kila mmoja alijikuta amehamia upande wa mwenzake, nao wako mbali na kukubaliana kama walivyoanza.