Mti Usio na Jina: kuzisoma hadithi za ziplaini tukiwa Korogwe

Kuna aina ya hadithi ambayo imezagaa sana mitandaoni, na sisi tunaojiita wapenzi wa fasihi tunaipita kana kwamba haituhusu. Ni hadithi ya mtu aliyekwenda kutembea juu ya miti. Ukisoma aya moja umeshaijua yote. Alifika na wenzake, akavishwa helmeti na mikanda, akasaini karatasi kwamba lolote litakalompata ni juu yake. Akapanda ngazi miguu ikitetemeka. Alipofika jukwaani akataka kurudi. Mwongozaji akamwambia asitazame chini. Akafumba macho, akaachia, akapiga ukelele, kapi likavuma juu ya waya, huyo akatokea ng'ambo. Mwishoni anatuambia kwamba sasa yeye ni mtu mwingine kabisa.

Nyingine zimeandikwa vizuri, sikatai. Lakini hebu jiulize msomaji mwenzangu: ule mti uliombeba ulikuwa mti gani? Hausemwi. Hadithi nzima imetokea juu ya miti, na mti wenyewe hauna jina. Ugomvi wangu uko hapo.

Mtu atasema, wee, huo ni mchezo tu, fasihi inaingiaje? Inaingia kwa sababu mchezo wenyewe umepangwa kama simulizi: una mwanzo wa hofu, kilele cha kuruka na mwisho wa kupigwa picha. Tena mwendo ndio unaoamua kitakachoonekana. Pale Manyara kuna njia ya madaraja ya kamba juu ya miti, yenye urefu wa mita 370 hivi. Nyungwe, Rwanda, wanayo yao iliyofunguliwa 2010. Kwenye daraja unaweza kusimama, ukamtazama nyani aliye chini yako, ukauliza swali. Kwenye ziplaini, kama ile ya msitu wa Kereita nchini Kenya, kusimama katikati ya waya maana yake umekwama. Msitu unapita pembeni kama pazia la jukwaa la maigizo.

Haikuanza hivyo. Katika miaka ya 1970 huko Costa Rica, mwanabiolojia Donald Perry alitumia kamba kupanda hadi vileleni, kwa sababu viumbe wengi wa msitu ule wanaishi juu na hawaonekani kutoka ardhini. Kamba ilikuwa chombo cha kukaa na kutazama. Baadaye utalii ukaichukua kamba, ukaliacha lile jicho.

Sasa tuje kwetu. Methali yetu inasema aliye juu mngoje chini, na nyingine inasema mpanda ngazi hushuka. Kwa hekima ya Kiswahili, mtu wa juu ni wa kutiliwa shaka. Lakini maisha yenyewe hayakuwahi kuwa na neno na mtu anayepanda kwa sababu. Handeni mkulima hujenga dungu shambani, akakaa juu yake kulinda mahindi yasiliwe na ngedere na nguruwe pori. Mrina asali hupanda hadi kwenye mzinga. Ukiteremka kuelekea Pangani utamkuta mkwezi kileleni mwa mnazi. Hawa wote wanapanda ili waone kitu au washuke na kitu. Mlinzi wa dungu akifumba macho, mavuno yamekwenda.

Fasihi yetu nayo imewahi kukaa juu. Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani karibu na Tanga, mwaka 1951 alitupa Kusadikika, nchi iliyoko angani. Wajumbe wake wanatumwa pande sita, hata mbinguni na ardhini, na kila mmoja anarudi na habari za namna watu wa huko wanavyoishi. Malipo yao ni kifungo. Tunaweza kubishana siku nzima kuhusu riwaya ile, lakini hili halina ubishi: safari inapimwa kwa habari anayorudi nayo msafiri. Katika hadithi za ziplaini msafiri anarudi na habari moja tu, yaani yeye mwenyewe.

Na kama kuna mahali ambapo habari hiyo moja haitoshi, ni Korogwe. Watu wa hapa waliona vitu vikipita angani kwenye waya zamani sana. Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, kampuni ya Wilkins & Wiese ilijengewa na Bleichert wa Leipzig njia ya waya kutoka Shume, juu kabisa Usambara, hadi Mkumbara kwenye reli ya Tanga. Ilikuwa na urefu wa kilomita 9 hivi, ikishuka zaidi ya mita 1,000. Abiria wake walikuwa magogo ya mwangati, mti ambao Wakenya wanauita mtarakwa, na ambao mbao zake zilitafutwa kwa kutengenezea penseli. Yaani waya ule wa milima hii uliwekwa ili msitu uteremke na usirudi.

Kamba nayo ina kwao. Mwaka 1893 Richard Hindorf aliagiza miche ya mkonge, ikapona 62, ikapandwa karibu na Pangani. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Tanganyika ilikuwa ikizalisha zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka, na mashamba ya Korogwe yalikuwa miongoni mwa yaliyobeba mzigo huo. Manamba walitoka mbali kuja kukata majani, korona zikanguruma, singa zikaanikwa juani. Kisha zikaja kamba za plastiki na nailoni, bei ya katani ikaporomoka. Leo mtu anayening'inia juu ya miti, popote duniani, kwa kawaida ananing'inia kwenye chuma na nailoni.

Siandiki haya ili kumharibia mtu raha yake. Milima ya Usambara inafaa kabisa kwa mchezo huu, na kijana wa Korogwe au Handeni ana haki ya kuutazama msitu wake kutoka juu bila kusafiri hadi Kereita. Vikijengwa vitu kama hivi hapa, nitakuwa wa kwanza kwenye foleni. Ila mwongozaji wa hapa asiishie kumwambia mgeni asitazame chini. Amwambie huu ni mwangati, na uliteremshwa hivi. Amshikishe singa ya katani kabla hajamfunga karabina. Dakika tano tu zinatosha.

Na sisi waandishi tuanze kuzihariri hadithi hizi kwa ukali uleule tunaotumia kwenye riwaya. Mtu akileta andiko lake la juu ya miti, tumwulize: ulipita juu ya mti gani? Nani anautumia, na kwa kazi gani? Chini yake palikuwa na nini? Ukelele aubakishe, una haki yake. Lakini kama hana jibu hata moja, tumrudishie rasimu.