Mwenye Nguvu Mpishe?

Wahenga walinena: mwenye nguvu mpishe. Wasomaji wengi hudhani kwamba methali hiyo ndiyo muhtasari wa nadharia ya uhalisia katika uhusiano wa mataifa. Dhana hiyo yafaa ipimwe kwa maisha ya mwanachuoni aliyeieneza nadharia hiyo kuliko wengi, Hans Morgenthau.

Alizaliwa Coburg, Ujerumani, mwaka 1904, katika jamaa ya Kiyahudi. Hitler aliposhika utawala mwaka 1933, yeye alikuwa akifundisha Geneva, na njia ya kurudi kazini kwao ikafungwa. Akapitia Madrid, na mwaka 1937 akahamia Marekani. Mwaka 1948, akiwa mwalimu wa Chuo Kikuu cha Chicago, alitoa kitabu chake Politics Among Nations. Hoja yake ni kwamba kila taifa huongozwa na maslahi yake, na kipimo cha maslahi hayo ni nguvu. Mtu aliyeona mikataba ikikanyagwa na majeshi halaumiki kwa kutoamini maneno matamu.

Lakini uhalisia wake haukuwa wimbo wa kuwasifu wenye nguvu. Alihimiza busara: mkubwa naye aujue mpaka wa uwezo wake. Kwa hiyo alipinga hadharani vita vya Marekani nchini Vietnam, na mwaka 1965 serikali ya Rais Johnson ikamwondoa katika kazi ya ushauri. Mwenye nguvu hakupishwa, aliambiwa ukweli.

Hata hivyo, nadharia hii ina upungufu. Yawatazama mno tembo, yasahau nyasi. Desemba ya mwaka huohuo wa 1965, Tanzania ilivunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza kwa ajili ya Rhodesia, ambako walowezi wachache walikuwa wamejitangazia uhuru wao wenyewe. Mkopo wa pauni milioni 7.5 kutoka Uingereza ukazuiliwa. Kwa mizani ya nguvu peke yake, tendo hilo ni hasara tupu. Lakini heshima ya taifa changa na ukombozi wa ndugu ni maslahi pia, ingawa hayahesabiwi kwa mizinga. Zimbabwe ilipata uhuru mwaka 1980, mwaka aliofariki Morgenthau.

Basi mwalimu na akifundishe kitabu hiki bila woga wala ibada. Chatufumbua macho tuone nguvu ilipo. Hakitoshi kutuonyesha ni lini tukatae kuipisha. Somo hilo maisha ya mwandishi yalilifundisha vema kuliko kitabu chake.