COUNTIF mbili hazifanyi jozi

Kuna fomula inazunguka sana kwenye mafunzo ya kompyuta, hata mimi nilifundishwa hivyohivyo: ukitaka kujua kama jozi ipo kwenye jedwali, tafuta thamani ya kwanza kwa COUNTIF, ya pili kwa COUNTIF nyingine, unganisha kwa AND. Zote zikipatikana, eti jozi ipo. Si kweli, na kuna mahali uongo huu unauma.

Chukua daftari la chanjo ya mbwa wilayani Serengeti (vijiji ni vya kweli, namba nimezibuni). Safu A ni kijiji, safu B ni namba ya kaya. Kaya 7 ya Machochwe imechanjisha mbwa wake, na kaya 12 ya Robanda pia. Timu inapanga nyumba za kurudia, inauliza: kaya 12 ya Machochwe je? Fomula ile inajibu ndiyo. Machochwe imeiona, 12 imeiona, haina habari kwamba ziko mistari tofauti. Nyumba inarukwa, mbwa anabaki bila kinga, na kichaa cha mbwa dalili zikishaanza kwa binadamu ni kifo karibu kila mara.

Sijachagua Serengeti kwa kubahatisha. Katie Hampson na wenzake walifuatilia ugonjwa huu Serengeti na Ngorongoro, wakachapisha mwaka 2009 kwenye jarida la PLoS Biology. Moyo wa data ya aina ile ni jozi: nani kamng'ata nani. Ukitenganisha safu, umebaki na orodha mbili za mbwa tu.

Tumia hii:

=COUNTIFS(A:A,"Machochwe",B:B,12)

Inahesabu mistari yenye vyote viwili kwa pamoja. Hapa itakupa 0.

Wengine hugandisha safu mbili ziwe moja kwa A&B. Inafaa, ila weka kistari katikati. Bila hicho, kitongoji 1 kaya 12 na kitongoji 11 kaya 2 zote zinakuwa 112.

Lakini hata COUNTIFS nina ugomvi nayo. 0 yake haimaanishi kaya haipo, inamaanisha haijaandikwa hivyo. Natta wengine huandika Nata. Nafasi moja iliyobaki nyuma ya jina inatosha kuharibu (TRIM inaiondoa). Halafu kuna ritifaa, ugonjwa wetu wa Mara kabisa: Ring'wani, Rung'abure, na kule Tarime Gorong'a. Simu moja inaweka ritifaa iliyonyooka, nyingine iliyopinda. Jicho lako halioni tofauti, programu inaona majina mawili.

Kwa hiyo ukipata 0 ya Ring'wani, kabla hujatuma pikipiki, badilisha ritifaa zote ziwe za aina moja, uhesabu upya. Na msimu ujao wape waandikishaji orodha ya vijiji ya kuchagua, wasiandike majina kwa mkono.