Ulimi wa Shujaa na Ulimi wa Mbunge: Juu ya Kim Hong-shin

Mtungaji wa riwaya aingiapo Bungeni, watu huuliza kama ameiacha kalamu. Swali hilo si zito. Lililo zito ni hili: maneno yake hupatwa na nini yatokapo kinywani mwa mhusika na kuingia kinywani mwake mwenyewe? Maisha ya Kim Hong-shin wa Korea ya Kusini, aliyezaliwa mwaka 1947, yatupa mfano ulio wazi.

Riwaya yake Ingan Sijang, yaani "Soko la Binadamu", ilitokea mwaka 1981, Chun Doo-hwan akiwa amekwisha kutwaa nchi kwa nguvu za jeshi. Huhesabiwa kuwa riwaya ya kwanza nchini humo kuuzwa nakala milioni moja. Shujaa wake ni kijana wa miaka 22, awaadhibuye wadhalimu wasioguswa na sheria. Mtungaji ameeleza kwamba kwanza alimwita Kwon Chong-chan, jina ambalo katika sikio la Mkorea ladokeza mtu aliyevaa bastola. Wakaguzi wa serikali wakalikataa. Akabadili silabi moja tu, likawa Jang Chong-chan, na sasa kijana amebeba bunduki ndefu. Silaha ilizidi ukubwa, na jina likapita.

Hiyo ndiyo ngao ya riwaya. Asemaye ni mhusika, wala hakuna awezaye kumpeleka mhusika mahakamani.

Kim aliingia Bungeni mwaka 1996, na bidii yake humo ilisifiwa. Lakini mwaka 1998, katika kampeni za uchaguzi wa serikali za mitaa, akiwa mpinzani, alitaja imani ya kwamba mfalme wa kuzimu hushona vinywa vya waongo, kisha akasema kuwa kwa Rais Kim Dae-jung ingehitajiwa cherehani ya kiwandani. Alishitakiwa kwa kutukana, akatozwa faini.

Yawezekana kudai kwamba mahakama iliadhibu tamathali ya usemi. Nami naona adhabu ya mahakama kwa neno la kejeli ni jambo la kuogopwa. Hata hivyo, mhakiki hana budi kupima neno lenyewe. Chumvi ile ni ya Jang Chong-chan kabisa. Ila Jang humpiga mwenye nguvu asiyeguswa. Kim Dae-jung alikuwa Rais, ni kweli, lakini ndiye aliyehukumiwa kifo mwaka 1980 na utawala uleule wa kijeshi uliotaka kumnyamazisha. Kukitania kinywa cha mtu huyo kwa uzi na sindano ni kumwazima mkaguzi chombo chake. Kosa la Kim basi si ukali wa lugha. Ni kusahau lugha ile ilizaliwa dhidi ya nani.

Mwaka 2007, akiwa nje ya Bunge, alitoa Daebalhae, riwaya ya majuzuu 10 juu ya dola ya kale ya Balhae. Humo wasemao ni wahusika tena.