Sentensi Hushikwa Mkiani

Kwanza alifuta ubao. Aliufuta kwa kitambaa kikavu kutoka juu kwenda chini, akakilowesha, akaufuta tena, akangoja ukauke. Kengele ya Kanisa Kuu la Kristo Mfalme ilikuwa imeshalia na mtaa wa Mushasha unaamka taratibu katika baridi ile ya Gitega ambayo sisi watu wa Bujumbura hatuizoei. Walimu walikuwa hawajafika. Mama huyu Mmarekani, mwenye umri wa miaka sitini na kitu, aliyefundisha Kiingereza kwa miaka thelathini, alivunja chaki katikati ili isilie ubaoni, kisha akaugawa ubao sehemu tatu kwa mistari miwili myembamba. Kushoto, aliniambia, ni kwa yale yatakayobaki mpaka mwisho wa kipindi. Katikati ni pa kuandika na kufuta. Kulia pabaki patupu, pangoje maneno ambayo walimu wenyewe watakuja nayo.

Mimi niliitwa kukalimani, endapo Kiingereza chake na Kifaransa cha walimu vingeshindwa kukutana. Kufika mchana wa siku ya kwanza nilikuwa sina kazi. Nikahamia benchi la nyuma, nikawa mtazamaji.

Wataalamu wa namna yake huja kwa muda mfupi. Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani ilianza mwaka 1991 mpango wa kuwatuma walimu wabobezi wa Kiingereza nje ya nchi kwa wiki chache au miezi michache, na siku hizi kazi nyingine hufanywa kwa mtandao tu. Burundi ina haja nao kwa sababu zake. Karo ya shule za msingi ilifutwa mwaka 2005, madarasa yakafurika. Mwaka 2007 nchi ikaingia Jumuiya ya Afrika Mashariki, na mwaka 2014 Kiingereza kikawa lugha rasmi. Basi mwalimu wa Kiingereza hapa aghalabu ni mtu aliyesomeshwa kwa Kifaransa, anayeota kwa Kirundi, anayenunua nyanya kwa Kiswahili, na mbele yake wameketi watoto themanini.

Somo la kwanza lilihusu sauti mbili. Kirundi hakitenganishi l na r, kwa hiyo sikio la Mrundi halina sababu ya kuzitenga. Katikati ya ubao aliandika “play” na “pray”, kucheza na kusali, akawaomba walimu wasitamke kitu. Akawageuzia mgongo, wasipate kumsoma midomo. Wakisikia la kucheza wainue mkono wa kushoto. La kusali, wa kulia. Mara kumi alitamka, na mara kumi mikono ilipishana hewani kama magugu kwenye upepo. Hakumsahihisha mtu. Alirudia kwa kasi ileile, maana ukipunguza kasi, alisema baadaye, unafundisha sauti ambayo mwanafunzi hataikuta popote nje ya darasa. Duru ya tatu mikono ilianza kukubaliana. Duru ya tano ilipanda pamoja.

Hapo tu ndipo alipogusia ulimi. Kwa l, ncha ikae nyuma ya meno ya juu na ibaki hapo, pumzi ipite pembeni. Akawataka waishikilie kwa sekunde tatu bila kuiachia, kama mtu anayezuia mlango kwa mguu. Kwa r ilikuwa vigumu zaidi, kwani r yetu hugonga na r yake haigusi kitu. Ulimi ujikunje na ukae hewani. Chumba kizima cha watu wazima, baadhi wenye mvi, kilikaa vinywa wazi kikitafuta mahali pa kuweka ulimi, wala hakuna aliyecheka.

Baada ya kila swali alikuwa akiweka mikono mgongoni. Kutoka benchi la mbele usingeona, lakini alipopita kati ya madawati kuja nyuma niliona: alikuwa akihesabu kwa vidole. Kimoja, cha pili, cha tatu. Katika miaka ya 1970 mtafiti Mmarekani, Mary Budd Rowe, alipima muda ambao walimu huwaachia wanafunzi baada ya kuuliza, akakuta ni kama sekunde moja. Walipofundishwa kungoja tatu au zaidi, majibu yakarefuka na watoto waliokuwa kimya wakaanza kusema. Mama huyu alingoja hata saba. Jaribu kukaa kimya sekunde saba mbele ya watu thelathini wanaokutazama. Mimi nilijaribu usiku ule mbele ya kioo nikashindwa kwenye ya nne.

Siku ya tatu alifundisha sentensi ndefu, na hapo ndipo niliposogeza kiti. Sentensi ilisema kwamba dereva amekuwa akingoja mpakani tangu asubuhi, jambo ambalo yeyote aliyepita mpaka wa Kobero analielewa. Hakuanzia kichwani. Alishika mkia: tangu asubuhi. Walimu wakaitika. Mpakani tangu asubuhi. Wakaitika. Akingoja mpakani tangu asubuhi. Kila mara aliongeza kipande mbele, na kila mara walimu walimalizia kwa maneno waliyokwisha kuyazoea. Ukianza mwanzoni, ulimi unatoka unapopajua kwenda usipopajua, sauti inafifia njiani. Ukianza mwishoni unatembea kuelekea nyumbani, na kiimbo cha kumalizia hakiharibiki hata mara moja. Baada ya dakika nne sentensi ile ilisimama kinywani mwa kila mmoja, nzima, bila kuandikwa.

Kilichobaki kilikuwa mkazo. Wazungumzaji wa Kiingereza hukaza silabi chache na kuzimeza nyingine. Walimu walizipa zote haki sawa, kama Kirundi kinavyotaka. Alipiga makofi, akachora vitone vikubwa na vidogo, haikuingia. Ndipo madamu mmoja wa Gitega aliponyoosha mkono. Silabi nzito, alisema, ni inkiranya, ngoma ya katikati inayoongoza. Hizo nyingine ni amashakwe, zinazotembea chini yake bila kukoma. Akaanza kugonga dawati kwa viganja. Gishora, ambako ngoma za wafalme zilitunzwa, hakuko mbali na pale, na ngoma hizo ziliingizwa mwaka 2014 katika orodha ya urithi ya UNESCO. Amri ya rais ya mwaka 2017 iliwazuia wanawake kuzipiga. Madawati haikuyataja.

Mgeni alisikiliza mpaka mwisho. Akampa madamu chaki, akaketi benchi la mbele, akafungua daftari na kuandika kama mwanafunzi. Kwenye sehemu ya kulia ya ubao, ile iliyokuwa tupu tangu asubuhi, neno inkiranya likaandikwa kwa mwandiko usio wake. Kuanzia wiki ya pili sikumwona tena akishika chaki.

Alipoondoka kazi ikahamia kwenye simu, pamoja na walimu wa Muyinga, mwishoni mwa barabara ya Karusi. Saa nane mchana kwao, saa mbili asubuhi kwake wakati wa kiangazi cha Marekani. Picha za video zilikula bando, akaziacha siku ya kwanza. Badala yake aliomba rekodi ya sauti ya darasa, isiyozidi dakika moja, kwa sababu faili ndogo hupita hata mtandao ukiwa dhaifu. Kila rekodi aliisikiliza mara tatu kabla ya kujibu. Jibu lake lilikuwa na mambo mawili tu: kitu kimoja kilichofanywa vizuri, akikitaja kwa sekunde yake, na swali moja. Makosa mengine aliyasikia, nina hakika. Aliyaacha yangoje zamu yao.

Mimi bado nimo kwenye kundi lile la simu, mkalimani asiye na la kukalimani. Juzi iliingia rekodi ya bwana mmoja wa Muyinga. Lori linapita nje, madawati yanakwaruza sakafu, mwalimu anauliza swali kwa Kiingereza. Kisha hakuna kitu. Nilidhani mtandao umekatika, nikaitazama skrini: sekunde zilikuwa zinaendelea kuhesabika. Tano. Sita. Saba. Sauti ndogo ya mtoto wa kike ikajibu, na l yake ilikuwa mahali pake.